Kabla ya Kuibadili Bandari, Ulizeni Maji Yanajaa Saa Ngapi

Ukishuka basi Mokowe, gati la bara la kuvukia visiwa vya Lamu, ukitoka Mombasa au Malindi, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni serikali, ingawa huenda usiitambue. Haina bendera wala meza. Kijana atakuuliza unakwenda Amu, yaani mji wa Lamu kama wenyewe tunavyouita, au Manda, atakuonyesha boti yenye zamu, na ukijaribu kupanda ya nyuma yake kwa kuwa ina turubai zuri zaidi, nahodha wake mwenyewe atakurudisha. Si zamu yake. Kuli atabeba begi lako na kuli mwingine hatalishika, kwa sababu upande ule wa ngazi una wenyewe. Akishushwa mgonjwa kutoka kwenye gari, zamu husimama. Ataondoka na boti iliyo karibu, na habari ya nauli itazungumzwa baadaye. Maiti vivyo hivyo. Hakuna karatasi iliyobandikwa popote yenye sheria hizi, wala sijamsikia mtu aliyezipigia kura.

Naanza na hili kwa sababu kila mazungumzo ya kubadili usimamizi wa bandari ndogo za pwani yetu huanza mahali pengine kabisa. Huanza na swali la ofisi ipi ipewe: Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA) ibaki nazo, zipewe kaunti, au akaribishwe mwekezaji. Wanaojadili hujiona wanazungumzia kitu kisicho na utaratibu kinachosubiri kupewa mwenyewe. Na mimi, ambaye kwa miaka nimekuwa katibu wa kikundi kimoja cha watu wa baharini hapa Amu, kazi yangu kubwa ikiwa kuandika barua ambazo hazijibiwi, nasema utaratibu upo. Una kasoro zake, nitazifikia. Lakini mtu asiyeuona hawezi kuubadili, ataubomoa tu bila kujua.

Kwenye karatasi mambo yako hivi. Bandari ya Lamu, na hapa nasema ile ya zamani iliyo mbele ya mji, si ile kubwa ya Kililana, imo pamoja na Malindi, Kilifi, Mtwapa, Kiunga, Shimoni, Funzi na Vanga katika zinazoitwa bandari ndogo chini ya KPA, shirika lililoundwa 1978. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Katika Jedwali lake la Nne, kwenye orodha ya kazi za kaunti, yamo maneno machache yanayozipa kaunti vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa safari za meli za kimataifa na za kitaifa. Uongozaji wa vyombo baharini ukabaki kwa serikali ya taifa. Juu ya hapo kuna mamlaka ya usafiri wa baharini, KMA, inayokagua vyombo. Kuna walinzi wa pwani walioundwa kwa sheria ya 2018. Kuna idara ya uvuvi na vile vikundi vya kusimamia fuo, BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Watu wa forodha wana mlango wao, polisi wana wao, na watu wa makumbusho wana neno lao juu ya chochote kinachojengwa mbele ya mji, kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Zihesabu ofisi hizo, halafu niambie ni ipi inayobadilisha taa ya gati ikiungua. Nimewahi kuiandikia barua taa kama hiyo. Ofisi ya kwanza ilinipeleka ya pili. Ya pili ikanirudisha ya kwanza, ikinipongeza kwa uzalendo wangu. Mwishowe mwenye duka la vipuri alitoa taa, fundi akaifunga bure, na kwa muda mrefu akina mama waliofika usiku kutoka kisiwa cha Pate wakaona wanapokanyaga. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba natetea mambo yabaki yalivyo. Magati yetu yana ngazi zilizoliwa na chumvi na vyuma vilivyochomoza. Mabadiliko nayataka mimi kuliko wengi wanaoyapanga, kwa sababu mimi ndiye ninayeshuka kwenye ngazi hizo.

Ila Amu imezoea kubadilishiwa wenye bandari bila kuulizwa, na inafaa mtu aijue historia hiyo kabla hajashangaa kwa nini wazee wa hapa hukunja uso wakisikia neno "mageuzi". Sayyid Said alipokuwa Unguja, forodha za pwani nzima zilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, tajiri wa asili ya Kutch. Kampuni ilimlipa Sultani fungu lililokubaliwa kila mwaka, kisha ikajikusanyia ushuru. Baadaye wakaja Wazungu. Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na Wajerumani waliokuwa na maslahi yao Witu waligombania nani akodishwe forodha ya Lamu, na shauri lao likapelekwa kwa Baron Lambermont, Mbelgiji, awaamue. Hebu litazame jambo hilo: bandari ya Amu, yenye majahazi ya boriti na nafaka, manahodha wa Hadhramaut na mafundi wa Matondoni, hatima yake inaandikwa Ubelgiji na mtu ambaye wazee wetu hata jina lake hawakulijua. Wajerumani hawakupata walichodai, Waingereza wakaichukua forodha. Wajerumani walikuwa na posta yao hapa mjini kuanzia 1888, nayo ikafungwa 1891. Hata barua zilikuwa na bwana mpya kila msimu.

Halafu likaja Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki mwaka 1948. Halafu shirika la bandari la jumuiya, makao yake Dar es Salaam. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata tukawa chini ya Mombasa. Na tusidhani mtindo huo ulikwisha na wakoloni. Agosti 2020, kwa amri ya rais, KPA pamoja na Shirika la Reli na lile la bomba la mafuta ziliwekwa chini ya mwavuli mmoja wa shirika la maendeleo ya viwanda na biashara. Wanasheria na vyama vya wafanyakazi walizozana nayo huko Mombasa na Nairobi. Hapa Amu tuliisikia redioni.

Kuna watakaoniambia kwamba sheria sasa imebadilika, na ni kweli. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa. Cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe watu katika kazi zake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeeleza kwa kirefu namna ya kufanya hivyo. Sisi watu wa Lamu tumezijua ibara hizi kwa njia ngumu, kwa kuzipeleka mahakamani.

Mara ya kwanza ilikuwa kesi ya bandari kubwa. Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi walifika Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET: bandari ya magati 32, reli, bomba la mafuta, barabara mpaka Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka huohuo wakazi wa Lamu wakafungua kesi. Uamuzi ulitoka Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi, na majaji wakasema haki ya wavuvi ya kuvua kama walivyovua wazazi wao ilikuwa imevunjwa, pamoja na haki ya kupewa habari na ya kuishi katika mazingira safi. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. KPA ikakata rufaa, na majadiliano ya malipo yakachukua miaka yake. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, lenye urefu wa mita 400 na maji ya kina cha mita 17.5, likipokea meli za kontena, wakati wavuvi bado wanafuatilia fidia. Fedha zile zilikuwa bei ya kutouliza. Kuuliza kungegharimu kiasi gani? Boti kadhaa, wakalimani, na miezi ya subira.

Mara ya pili ilikuwa ile ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Kwasasi, cha megawati 1,050. Juni 2019 Mahakama ya Taifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mradi, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kilichonikaa akilini katika hukumu ile ni jambo dogo la ratiba. Mikutano ilifanyika, tena si mmoja, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi. Ile ripoti ya athari ilipokamilika, palipokuwa na kitu cha kusomwa na kubishaniwa, watu hawakurudiwa.

Ukilishika hilo utakuwa umelishika tatizo la bandari ndogo pia. Tunaitwa mapema mno, kabla hakujaandikwa lolote, tuambiwe kwamba mambo mazuri yanakuja. Au tunaitwa tumechelewa mno, rasimu imekwisha kupigwa chapa na jalada lake lina picha ya jahazi wakati wa machweo. Katikati, pale ambapo kalamu bado ina wino na karatasi ina nafasi, mlango umefungwa. Mama mmoja anayeuza samaki karibu na gati aliniambia jambo hili kwa Kiamu chake kwa maneno machache kuliko yangu: "Waya na chakula kishapikwa, twaitiwa kuonda chumvi." Yaani, wanakuja chakula kimeshapikwa, sisi tunaitwa kuonja chumvi tu.

Vikao vyenyewe vina sura moja, na yeyote aliyehudhuria viwili amehudhuria vyote. Tangazo hutoka gazetini kwa Kiingereza. Rasimu iko kwenye tovuti, kurasa nyingi, Kiingereza cha mawakili, na simu za watu wengi huku hazifungui faili kubwa hata mtandao ukiwa mzuri. Kikao ni hotelini, saa tatu asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Saa tatu inapofika, wageni bado wanakunywa chai. Saa nne na nusu kuna dua, kisha utambulisho, na kila afisa akisimama hutuambia kwamba itifaki imezingatiwa, kisha huizingatia upya kwa kuwataja wakubwa wote mmoja mmoja. Picha zinaonyeshwa ukutani. Maswali yanafunguliwa ikikaribia adhuhuri, na mwongozaji anaomba tuwe wafupi, kwa sababu pilau iko tayari na adhana iko karibu.

Sasa mfikirie mtu wa Kizingitini, kule Pate, katika kikao hicho. Ametoka kwao usiku kwa boti ya alfajiri kwa sababu maji ndiyo yalivyotaka. Safari ya kati ya Pate na Amu kwa vizazi imepangwa kwa mlango wa Mkanda, ule mfereji mwembamba ulio baina ya Manda na bara. Maji yakipwa, chombo kilichobeba hukaa juu ya mchanga. Njia nyingine ni kuizunguka Manda kwa nje, na wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini, huko hakuchezewi. Kwa hiyo ikifika saa sita mchana mtu wetu anatazama dirishani, hatazami picha za ukutani. Akisubiri maswali atalala Amu, na kulala Amu kuna gharama ambayo hakuna anayeirudisha. Anaondoka. Katika ripoti itaandikwa kwamba wawakilishi wa Pate Mashariki walihudhuria na hawakuwa na pingamizi.

Na hapa kuna ujanja ambao mimi kama katibu naujua vizuri, kwa kuwa karatasi hizo hupita mikononi mwangu. Asubuhi unapoingia, unatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Jioni unatia sahihi nyingine ili urudishiwe nauli. Sahihi zote mbili huishia nyuma ya ripoti kama kiambatisho, na wanaoisoma Nairobi huona kurasa za majina, nambari za vitambulisho na alama za vidole gumba. Ni ushahidi wa nini? Kwamba watu walikuja. Lakini katika mkono wa wakili mzuri orodha ile hugeuka kuwa ridhaa. Tangu nilipoielewa hesabu hiyo, huwaambia watu wetu waandike kando ya sahihi zao maneno mawili: "nimehudhuria tu". Wengine huona aibu kuandika hivyo. Mimi sioni.

Katika kikao kimoja mtaalamu kijana, mwenye adabu na nia njema kabisa, alieleza kwamba chini ya utaratibu mpya boti za abiria zitaondoka kwa ratiba ya saa, kila chombo na nafasi yake gatini, kama stendi ya mabasi. Nahodha mmoja mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu," akamwuliza, "kwa saa ya ukutani au ya maji?" Ukumbi ulicheka, kijana naye akacheka, mzee akakaa. Kumbukumbu rasmi za mkutano zilipotoka niliutafuta mchango wake. Iliandikwa kwamba mshiriki mmoja alitaka ufafanuzi kuhusu ratiba.

Swali lile halikuwa mzaha. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hupanda na kushuka karibu mita 3. Gati ambalo saa mbili asubuhi abiria anatoka botini na kukanyaga moja kwa moja, saa nane mchana lina ngazi ndefu yenye ukoga, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi lazima ashikwe na watu wawili. Maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, yana tabia nyingine. Na kila siku saa za maji husogea mbele kwa chini kidogo ya saa moja, hivyo ratiba iliyofaa Jumatatu itakuwa imeharibika Ijumaa. Anayeandika kanuni za gati bila jambo hili hajaandika kanuni za gati. Na jambo hili halimo katika sheria yoyote niliyoisoma; limo vichwani mwa watu ambao huwezi kuwapata kwa kuweka tangazo gazetini.

Jingine ni kwamba hakuna kitu kimoja kinachoitwa bandari ya Lamu. Kuna gati la mji na lile la Mokowe, kuna Shela kwenye wageni, kuna Matondoni na Kipungani, kuna Mtangawanda upande wa Pate, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Kiunga kule karibu na mpaka. Diko la Kizingitini, pale wavuvi wanaposhushia samaki, linaishi kwa kamba na pweza, na barafu ndiyo roho yake. Shela inataka watalii washuke bila kulowa viatu. Matondoni inataka nafasi ya kupandisha vyombo nchi kavu vikwanguliwe ukoga na kuzibwa mianya kwa kalafati. Kiunga inataka usalama, mawasiliano na mafuta yasiyouzwa kwa bei ya dhahabu. Ukiwakusanya wote katika chumba kimoja na kuwauliza kama wanaunga mkono "usimamizi bora wa bandari", watasema ndiyo, na ndiyo hiyo haitakuwa na maana yoyote.

Watu wa usalama nao wana sehemu yao katika hadithi hii. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kafyu iliwekwa, na uvuvi wa usiku ukazuiwa kwa miaka. Sababu ilieleweka, watu walikuwa wamekufa. Lakini mwenye jarife, wavu wa kutega, hutega jioni akaopoa alfajiri, na kumwambia avue mchana tu ni kumwambia atafute kazi nyingine. Mjamzito wa Ndau aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane naye alikuwa na hesabu yake ya kufanya kati ya bahari, doria na hospitali iliyo Amu. Lau wavuvi na wakunga wangeketishwa na makamanda mapema, pengine vibali, maboya ya alama na njia maalumu za usiku vingepatikana tangu mwaka wa kwanza. Bandari ni mahali pa kufika usiku pia, na anayeipanga kwa saa za ofisi husahau nusu yake.

Nilisema nitazifikia kasoro zetu. Ile zamu ya Mokowe niliyoisifu ina ubaya wake: ni vigumu kwa kijana asiye na mjomba ndani kuingiza boti yake. Wenye vyombo wakiulizwa peke yao kuhusu bandari watasema nauli ni ndogo na boti zimezidi. Ukiwauliza abiria watasema kinyume. Wachuuzi wa samaki, wengi wao wanawake, hawamo katika kamati nyingi, na wanapokuwamo huwekwa wajibu wa kuandaa chai. Mwenyekiti wa kikundi fulani, nisimtaje, amekuwa "jamii ya Lamu" katika ripoti nyingi kuliko idadi ya mara alizopanda boti ya abiria. Kumshirikisha yeye ni rahisi, ana kanzu nzuri na anajua kutoa shukrani. Kwa hiyo nikisema watu waulizwe, sisemi wenyeviti waulizwe.

Wala sisemi kila jambo lipigiwe kura gatini. Vizibao vya kuokolea maisha vilipoanza kulazimishwa tulinung'unika, tukasema vinanuka, vinachelewesha safari, vinachafua buibui. Kunung'unika kwetu kusingepaswa kumzuia mkaguzi hata dakika moja, kwa sababu boti zimezama hapa na familia zimekwisha. Usalama una kiwango chake na hakijadiliwi. Lakini namna ya kukifikia inajadilika: nani anunue vizibao, vya watoto wadogo vitoke wapi, vikauke wapi, nahodha akipakia kupita kiasi abiria alalamike kwa nani bila kuachwa ufukweni safari ijayo. Hayo mkaguzi hawezi kuyajua akiwa peke yake, na akiyajua kazi yake itakuwa nyepesi.

Wapo wanaodhani madai haya ni anasa ya watu wenye muda. Nawaambia watazame Uingereza, walikotutolea sehemu kubwa ya sheria zetu. Huko kuna bandari ndogo nyingi zinazoendeshwa karibu kama wakfu: hazina wenye hisa, zina bodi, na kinachopatikana hurudi bandarini. Kwa Sheria ya Bandari ya 1964, anayetaka kubadili mamlaka ya bandari huomba amri maalumu, hutangaza, na watu wana siku 42 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Pingamizi likiwa zito, uchunguzi wa hadhara unaweza kuitishwa. Nao hugombana, msidhani wamestaarabika kupita kiasi. Watu wa mji mdogo wa bandari ni walewale kila mahali. Ila ugomvi wao una tarehe, una anwani ya kupelekwa, na una mtu anayelazimika kuujibu.

Huko kujibiwa ndiko ninakokutaka kuliko yote. Tumetoa maoni mpaka yamekuwa kama zakati. Hatujawahi kurudishiwa karatasi inayosema: mlisema hili tukalikubali, lile tumelikataa kwa sababu hii. Rasimu ije kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwenye madiko, kwa kuwa mengi ya madiko hayo yana baraza na msikiti wenye kipaza sauti. Vikao vifanywe pale pale penye chombo na maji, vikipangwa na mtu aliyeitazama jedwali la maji, si wakati wa kilele cha kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, ambapo kila mwenye mikono yuko baharini. Wanawake waketishwe peke yao kwanza, kisha pamoja na wanaume, na wanaojua jinsi mambo yanavyokwenda watanielewa. Na utaratibu mpya wowote ujaribiwe kusi moja na kaskazi moja kabla haujawa wa kudumu, maana gati lililopita vizuri mtihani wa Januari halijapita mtihani wa Julai.

Suala la ushuru lisiachwe mwisho wa kikao kama linavyoachwa daima. Iwe kaunti, iwe KPA, iwe mwekezaji, swali la kuli na la mama wa samaki ni moja: shilingi ninayolipa hapa italala wapi? Ikilala kwenye akaunti ya mbali, taa itaungua tena na fundi atafunga nyingine bure. Binafsi naelekea upande wa kaunti, kwa kuwa Katiba imesema hivyo na kwa kuwa Mokowe, yalipo makao yake, ni karibu kuliko Mombasa kwa mtu mwenye hasira. Lakini ukaribu peke yake haunitoshi. Nimeziona ofisi zilizo hatua mia kutoka gatini ambazo wakuu wake hupanda spidi boti yao kwenye ngazi ya peke yao.

Kuhusu gharama, ambayo ndiyo udhuru wa kwanza kutajwa: kuwaleta watu wa Kiunga, Kiwayu na Ndau hadi Faza na kuwarudisha kwao siku hiyohiyo kunahitaji boti nzuri, petroli ya kwenda na kurudi, na malipo ya nahodha. Mwenye kuandaa kikao akisema bajeti yake haina fungu hilo, namwomba aanze na fungu la hoteli.